"Hata moja inatosha"

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya saratani ya figo nimeisoma mara mbili, nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Mwandishi wenu kaandika kuwa tiba ni kuiondoa figo, basi. Daktari Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, alikata uvimbe akaiacha figo tangu karne ya 19! Leo miongozo ya madaktari inasema uvimbe usiozidi sentimita 4, ukifikika, utolewe wenyewe.

Miaka mitano nimenyamaza. Kaka yangu alikwenda kupimwa mawe ya nyongo, ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3 kwenye figo ya kushoto. Ana kisukari na presha. Magonjwa hayo huziharibu figo, kwa hiyo mtu wa namna hiyo kila figo yake ni ya kuhesabiwa. Daktari akamwambia wakiwa wamesimama koridoni, "Hata moja inatosha." Inamtosha nani? Mtu anayemtolea ndugu yake figo, abaki na moja, hupimwa kwanza kuanzia utosini hadi unyayoni. Kaka hakupimwa hivyo. Hakuna aliyemweleza kwamba mshipa wa damu wa figo unaweza kubanwa kwa dakika ishirini na kitu, uvimbe ukakatwa na ukingo mwembamba wa nyama isiyo na ugonjwa, pakashonwa, damu ikaachiwa ipite tena. Najua ni kazi ngumu zaidi, damu huweza kumwagika na mkojo kuvuja, na uvimbe uliojificha katikati ya mishipa haukatiki hivyo. Wake ulikuwa umechomoza nje kama chunusi! Figo ikaenda yote. Majibu ya maabara yakarudi: haukuwa saratani. Sasa kreatinini, taka ya damuni inayopanda figo zikichoka, inapanda kila kliniki, na neno dialisisi, kusafishwa damu kwa mashine, limeshatajwa mezani kwetu.

Na hizo picha za skani, mbona mgonjwa akiziomba anatazamwa kama mwizi? Kalipa yeye, mwili wake, lakini CD yenye picha hizo inakaa kabatini mwa mtu. Tungekuwa nayo tungeuliza kwingine kabla ya kisu.

Fomu ya ridhaa, ambayo kaka alitia saini akiwa tayari machelani, iongezwe mstari mmoja: "Uvimbe una sentimita ngapi, na kwa nini figo haibaki?" Ajaze mpasuaji mwenyewe, si muuguzi, siku tatu kabla, kwa mwandiko unaosomeka. Asiyeweza kuandika vizuri aandike kwa herufi kubwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi