Kitabu cha viboko kisomwe mbele ya wazazi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilipita asubuhi nje ya shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam, nikakuta watoto kama 30 wamepiga magoti kwenye kokoto karibu na geti. Mwalimu wa zamu alikuwa anawaita mmoja mmoja. Kosa lao kuchelewa.

Siandiki kumsema mwalimu yule. Kwa miaka 6 nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya kata, na fimbo niliishika mimi. Kitabu cha adhabu kilikaa kwenye droo yangu, kaunta buku yenye jalada jeusi: jina, kidato, kosa, idadi ya viboko, sahihi.

Kanuni zipo. Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002 linaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito linaloitia shule aibu. Visizidi 4, anayechapa awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Dakika 20 za kuchelewa zinaitia shule aibu gani? Nami nilichapa kwa kosa hilo, tena bila barua yoyote ya mkuu wangu, na hakuna aliyeniuliza.

Mwisho wa muhula mmoja, nikijumlisha kitabu, niliona jina la binti wa kidato cha pili limejirudia mara 11. Kuchelewa, kuchelewa, kuchelewa. Muhula mpya ulipoanza nikaenda kituoni kwao Chanika saa 11 na nusu alfajiri, nikamkuta keshafika. Daladala ya kwanza ilipokuja, konda akaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Pale walikuwa zaidi ya 20. Mwanafunzi analipa nauli ndogo, na konda ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, kwa hiyo kiti anamwekea mtu mzima. Zikapita gari tatu. Binti yule nafasi ikipatikana anawasukuma wadogo wa kidato cha kwanza wapande, yeye anabaki. Ya nne nilipanda mimi, maana nilikuwa na kipindi cha kwanza, na mtu mzima hazuiwi mlangoni. Yeye alifika saa 2 kasoro, akaikuta fimbo mikononi mwa mwenzangu.

Sikumchapa tena. Ila alimaliza kidato cha nne sijamwomba radhi, na hilo linaniuma hadi leo.

Najua walimu watasema bila fimbo watoto hawashikiki. Mwenye darasa la wanafunzi 70 ana haki ya kulalamika, nami nililalamika hivyo hivyo. Lakini tulikuwa na mwalimu wa malezi asiye na chumba. Ushauri alitolea chini ya mwembe, mbele ya uwanja wa netiboli, shule nzima ikitazama. Mtoto anayesumbuliwa usiku na mtu wa nyumbani kwao hawezi kulitamka jambo hilo pale. Atakaa kimya, atasinzia darasani, kisha ataandikwa kwenye kitabu changu kwa kosa la kusinzia.

Naomba wakuu wa shule wakilete kitabu hicho kwenye kikao cha wazazi, wakisome bila majina ya watoto: makosa gani, mara ngapi, nani alichapa na kwa barua ipi. Iongezwe safu moja ya sababu aliyoitoa mwanafunzi, ijazwe kabla ya fimbo kunyanyuliwa. Mwalimu wa malezi apewe chumba chenye mlango unaofungwa, hata kama ni stoo ya madaftari.

Wathibiti ubora wa shule walikuja kwetu mara kadhaa. Walikagua maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na mahudhurio. Kitabu cha adhabu hawakukiomba hata siku moja. Sasa wakiombe.

Mwalimu mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam