Usitie Sahihi Kwanza, Kibet

Londiani, Jumapili jioni

Mwanangu Kibet,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima. Mvua imechelewa, na mama yako tangu juzi anakoroga uji huku akiuimba ule wimbo uliotutumia kwenye simu, maneno anayakosea makusudi ili nicheke.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nimefurahi kwamba ile baa imekupa Alhamisi zote. Nimefurahi pia kwamba kuna bwana anayetaka kukusimamia. Ila nilipofika pale anapokupa mkataba wa miaka mitano na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, niliiweka simu mezani nikatoka nje kidogo. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Umeomba mambo mawili: baraka zangu, na pesa za gita na buti za kikauboi. Unasema unataka kuwa kama wale makauboi waimbaji wa zamani. Haya, nikusimulie habari za yule aliyewafungulia wenzake mlango, Gene Autry. Kofia yake unaijua. Mimi nataka uijue kalamu yake.

Alizaliwa 1907 karibu na Tioga, kimji kidogo cha Texas. Babu yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, na ndiye aliyemwingiza kwenye kwaya angali mdogo. Gita lake la kwanza liliagizwa kwa katalogi ya duka la Sears, kwa dola 8. Nane, Kibet. Hilo unalolitaka wewe ni ng'ombe wawili, na mmoja ana mimba.

Alipokua akapata kazi ya reli, kama mimi, huko Oklahoma, kutuma na kupokea taarifa za telegrafu. Hapo ndipo nilipompenda, kabla hata sijajua anaimbaje. Usiku wa stesheni unajulikana na aliyeukesha: treni moja saa sita, nyingine saa kumi, na katikati yake ni wewe, taa na baridi. Mwenye gita atalipiga tu, asipolipiga atalala na afutwe kazi. Autry mwenyewe alipenda kusimulia kwamba usiku mmoja Will Rogers, mchekeshaji aliyejulikana Marekani nzima, aliingia ofisini kutuma maandishi yake, akamkuta kijana anaimba, akamwambia akajaribu bahati yake redioni. Mimi miaka yangu yote ya stesheni waliingia makondakta na mbuzi waliopotea.

Mwaka 1929 alirekodi santuri zake za kwanza. Wakati huo hakuwa na sauti yake mwenyewe, alikuwa akimwiga Jimmie Rodgers, yule wa kupandisha na kushusha koo kwa yodeli. Na huyo Rodgers unamjua tangu utotoni bila kujua unamjua. Ni Chemirocha. Santuri zake zilifika huku kwetu na gramafoni, watu wakalitamka jina lake kwa ulimi wa Kipsigis, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alipokuja na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950 akawakuta wasichana wakimwimba Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Kogo, bibi yako, aliuimba wimbo huo wakati wa kukamua. Rodgers alikuwa amefariki 1933. Alikwenda bila kujua kwamba huku Kericho amekuwa swala. Kwa hiyo mtu asikuambie muziki wa kantri umeuokota kwenye simu, ulifika kabla ya lami.

Na hizo rekodi za mwanzo za Autry, nyingine ni za mzaha wa chumbani ambazo singezipiga mbele ya mama yako. Baadaye alipokuwa shujaa wa watoto aliziacha kabisa.

Wimbo uliomtoa ulikuwa wa 1931, aliouandika na kuuimba na Jimmy Long, mwenzake wa reli: mtoto anajuta mbele ya baba yake mwenye mvi, anatamani kumfutia uchovu aliomsababishia. Mwishowe uliuza zaidi ya nakala milioni moja. (Sikuombi uniimbie. Nakuambia tu kwamba maudhui hayo yanauza.) Kutoka hapo akaingia redio ya WLS kule Chicago, na Sears ile ile iliyomuuzia gita la dola 8 ikaanza kuuza magita yenye jina lake. Mwaka 1933 kiwanda cha Martin kikamtengenezea gita ambalo leo wapigaji wanaliota usiku, D-45 ya kwanza kabisa, jina lake limenakshiwa shingoni. Angalia mpangilio huo. D-45 ilikuja baada ya wimbo kuuza.

Kisha sinema. Mwaka 1935 alikuwa nyota wa mfululizo wa vipande 12 unaoitwa The Phantom Empire, na nakwambia hata wewe usiyecheka utacheka. Chini ya shamba lake la ng'ombe kuna ufalme wenye roboti na malkia. Anatekwa, anapigana, anatoroka, lakini kila siku lazima awe amerudi juu saa nane mchana aimbe redioni, asipofika mkataba unavunjika na shamba linakwenda. Roboti kumi hazimtishi kama karatasi moja. Aliyeiandika hadithi hiyo aliwajua waimbaji.

Mwaka huo huo akaanza kutengeneza filamu za kampuni ya Republic, na fomula ikakaa sawa: farasi anayeitwa Champion, rafiki wa kuchekesha Smiley Burnette, majambazi wenye suti, magari na simu na farasi ndani ya picha moja, na wimbo pale ambapo mtu mwingine angefyatua risasi. Makauboi halisi walikuwa watu wa jasho na kinyesi cha ng'ombe, wengi wao Weusi na Wameksiko, hawakuvaa shati la maua. Katika filamu hizo watu wa rangi yetu walikuwa pembeni kama wapo. Ndiyo maana nampenda pia Herb Jeffries, mwimbaji wa jazi aliyevaa kofia nyeupe katika Harlem on the Prairie, 1937, ili watoto Weusi nao wapate kauboi wa kuimba. Umtafute. Sauti yake ni nzito na laini kuliko ya Autry.

Maana Autry, tuseme ukweli, hakuwa mwimbaji mkubwa. Uigizaji ulimshinda zaidi. Mwenyewe alikiri mara nyingi, akicheka. Kwa hiyo ukiniambia bwana wako amekusifu sauti, nakuuliza: na karatasi imesemaje?

Hapa sasa ndipo nilipotaka kufika. Kufikia 1938 Autry ndiye aliyekuwa akiibeba Republic. Wenye kumbi za sinema waliotaka filamu zake walilazimishwa kununua na nyingine za kampuni hiyo wasizozitaka. Akaona jasho lake linauza bidhaa za watu wengine, na mfuko wake haulingani. Akagoma. Hakwenda kazini. Kampuni haikulia: ikamchukua kijana aliyeitwa Leonard Slye, wa kundi la Sons of the Pioneers, ikambandika jina la Roy Rogers na kumpa filamu. Miezi michache, na tayari kuna kauboi mwingine kwenye mabango. Autry akarudi, akaongezewa malipo, lakini funzo alilipata kwa bei hiyo. Rogers naye hakuwa mjinga. Mwaka 1940 aliponyimwa nyongeza ya maana, alidai badala yake kifungu cha kumiliki jina na sura yake kwa ajili ya bidhaa. Wakubwa wa kampuni wakampa, waliona ni kitu cha bure. Baadaye ukawa utajiri, masanduku ya chakula ya watoto, bastola za kuchezea, na mengine ya kila namna.

Vita vilipokuja, Autry aliapishwa jeshini mwaka 1942 hewani, ndani ya kipindi chake cha redio, akawa rubani wa ndege za mizigo huko Asia. Na jeshi likamwonyesha jambo ambalo hakuwa amelipigia hesabu: mwimbaji akifunga mdomo, pesa inafunga mlango. Aliporudi, Republic ikadai bado ana deni la filamu, ile miaka ya jeshini isihesabiwe. Akaenda mahakamani, na mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya California ikampa haki. Akahamia kampuni ya sinema ya Columbia akiwa na kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza filamu na, baada ya muda, vipindi vya televisheni. Akanunua vituo vya redio. Ule wimbo wa Rudolph mwenye pua nyekundu unaopigwa kwenye supamaketi kila Desemba aliuimba yeye, 1949. Alisitasita kuurekodi, mkewe Ina akamsukuma. Mke wa kusukuma pia ni mtaji, lakini hilo tutaongea siku nyingine.

Mwaka 1960 alikwenda kwenye mkutano wa wakuu wa besiboli akitafuta haki ya kutangaza mechi kwenye redio yake, akatoka akiwa mwenye timu, Angels. Timu hiyo ilimpa presha miaka 37. Alifariki 1998, ikachukua ubingwa 2002. Hata mwenye kila karatasi hakuandikiwa kila kitu.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako analijua na wewe hulijui. Mwaka 1979, likizo yangu ya reli, nilipanda treni na gita langu nikaenda Nairobi kurekodi wimbo. Wewe umewahi kuusikia, unafikiri ni wa mtu mwingine. Tulirekodi kwenye chumba cha juu pale River Road, alasiri moja, na mwenye chumba akanipa shilingi 300 na karatasi. Kiingereza nilikuwa nakisoma, nilikuwa karani. Sikuisoma. Nilikuwa nawahi treni ya jioni, na zile noti tatu zilikuwa zimenikaa vizuri mfukoni. Miezi minne baadaye nimekaa hotelini Nakuru, nakunywa chai, wimbo wangu ukalia redioni, na jina lililotajwa silo langu. Nilimalizia chai nikalipa. Nilikwenda kuwauliza mara mbili. Mara ya pili chumba kilikuwa cha fundi cherehani.

Sisemi huyo bwana wako ni mwizi. Simjui. Ila nataka uangalie mambo haya kabla hujagusa kalamu: nyimbo utakazoandika ndani ya hiyo miaka mitano zitakuwa za nani mwaka wa sita, rekodi zenyewe zitakaa kwa nani, asilimia yake inatoka kwenye pesa yote au kwenye iliyobaki baada ya gharama, na gharama hizo anaziandika nani, jina lako, ukitengana naye, unaondoka nalo? Na ukiugua au ukisafiri, miaka inahesabiwa au inasimama? Hiyo ya mwisho ndiyo iliyompeleka Autry mahakamani. Binti wa jirani yetu wa zamani pale Molo ni wakili sasa, yuko Nakuru. Nimeshaongea naye, ataisoma bila malipo, anataka kuku tu. Piga picha kila ukurasa, hata ule wenye maandishi madogo nyuma.

Akikuambia nafasi itapita, mwambie baba yako ni mtu wa treni, na treni iliyopita inafuatwa na nyingine.

Pesa ya gita nitakusaidia nusu baada ya mavuno ya viazi, si kabla. Buti usinunue. Zangu za reli ziko kwenye sanduku la bati, ngozi bado nzima, mama yako amezipaka mafuta. Miguu yetu ni sawa.

Ndani ya bahasha nimeweka ile karatasi yangu ya 1979. Soma mstari wa nne, ule niliouwekea kalamu nyekundu. Usiipoteze, ndiyo nakala pekee niliyo nayo, na ukija Pasaka uje nayo.

Ni mimi baba yako.

Mama anauliza kama unakula mboga.