Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025

Assalaam alaykum wazee wetu, kina mama, ndugu zangu na vijana wa Amu, yaani Lamu, pamoja na wenzetu mliovuka kutoka Mokowe, Siyu na Faza.

Kazi ya chama chetu mnaijua: kuwakalisha watu pamoja wazungumze hadharani mambo yanayowagusa, kisha yaliyosemwa yaandikwe na yamfikie mwenye kuamua. Mwaka huu tumezungumza utawala, afya, sanaa na haki. Sitayapitia mabaraza yote. Kumbukumbu anazo katibu, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma. Nitakaa pale ambapo mimi naona pana uzito.

Oktoba, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kule Kwasasi. Leseni ya mtambo ule ilitolewa mwaka 2016, na jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira likaifuta tarehe 26 Juni 2019. Mji ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tulipokutana uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, niliomba tuisome hukumu ya 2019 sababu kwa sababu. Wakili mmoja kijana, mzaliwa wa Langoni, akakubali kutueleza kwa Kiswahili kilicho wazi.

Wengi walidhani leseni ilifutwa kwa sababu makaa ya mawe ni machafu. Moshi na majivu yalijadiliwa mahakamani, ndiyo. Ila kilichoiangusha leseni zaidi ni namna wananchi walivyoshirikishwa. Waliitwa kwenye mikutano wakati uchunguzi wa athari haujakamilika. Ripoti ilipokamilika, kurasa kwa mamia, hawakurudiwa ipasavyo kuelezwa imesema nini, wala kuulizwa wana neno gani juu yake. Jopo likasema huko si kushirikisha. Kwa maana hiyo mtu hashirikishwi kwa kuitwa tu kwenye kiti na kupewa soda. Hushirikishwa anapojua kinachozungumzwa, na uamuzi ukiwa bado haujafungwa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa kuwa ndilo naloliona kuwa uti wa mgongo wa kazi yetu. Tuna kawaida hapa kwetu ya kungoja jambo liamuliwe, ndipo tukae barazani tulilaumu. Wavuvi wetu waliodai haki zao juu ya ujenzi wa bandari ya Lamu walifungua kesi mwaka 2012, na hukumu ya Mahakama Kuu ikaja 2018: shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ni ushindi wenye heshima na nawapongeza tena. Lakini ilichukua miaka 6 kupata hukumu tu, na katika miaka hiyo watoto walikuwa wanakula. Tungesikilizwa kabla ya uchimbaji wa bahari, mengi tusingeyapeleka kwa hakimu.

Sasa afya, na hapa nitawaomba subira.

Tarehe 1 Oktoba 2024 ile NHIF tuliyoizoea, bima ya afya ya taifa, iliipisha SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na hilo halina mjadala mrefu. Mjadala uko kwetu sisi wengine. Mvuvi, seremala wa milango na mwenye punda wa kubeba mchanga hukadiriwa kwa maswali juu ya nyumba yake na hali yake, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukisikia 300 unaona ni nafuu. Ila utaratibu uliowekwa ni kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwa uchache, na mvuvi hana mshahara wa mwezi, ana msimu. Kusi ikichafua bahari, mashua ndogo hukaa pwani na deni la dukani hukua. Wanaume katika baraza la Mei walilisema hili kwa uchungu, na nakubaliana nao: mfumo huu umepangwa na mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi.

Papo hapo tuligundua kwamba wengi walikuwa hawajajiandikisha kabisa, wakiamini asiye na pesa za kulipa haandikishwi. Sivyo. Kujiandikisha ni bure, na aliyejiandikisha ana haki ya kutibiwa zahanati na kituo cha afya bila malipo, hata kama mchango hajautoa. Vijana wetu walizunguka Langoni, Mkomani na Shela kuwasaidia watu kujiandikisha kwa simu. Nawashukuru sana. Hiyo ni kazi iliyozaliwa na mazungumzo, na ndiyo aina ya matokeo tunayoyatafuta.

Baraza lililonifunza zaidi ni la kina mama. Mabaraza ya mawe ya mji huu, tangu tuyajue, hukaliwa na wanaume, na saa tulizozoea kukutana, baada ya isha, ni saa ambazo mama mwenye watoto hatoki. Makamu mwenyekiti wetu alishikilia tubadilishe. Tukakutana baada ya alasiri, ndani ya kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba moja ya Mkomani, watoto wakiwa wanacheza papo hapo. Suala la mchango, lililowachukua wanaume jioni nzima, wao waliligusa wakalipita. Walizungumza uzazi wa usiku. Mama wa Kizingitini au Kiunga uchungu ukimshika usiku na bahari imechafuka, swali si kadi. Swali ni boti ipo, ina mafuta, nahodha yuko zamu, na nani hupigiwa simu? Mkunga mmoja mstaafu alieleza kwa utulivu jinsi kucheleweshwa kunavyomuua mama anayevuja damu, na hakuna aliyebaki na shaka kwamba hilo ndilo lililopaswa kuwa la kwanza kwenye orodha yetu tangu mwanzo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa hakuna mada itakayohesabiwa kuwa imejadiliwa mpaka kina mama wameijadili.

Kwa Katiba ya 2010 hospitali na ambulensi ni jukumu la kaunti, basi tuliiandikia ofisi inayohusika kuomba rekodi za boti za wagonjwa: safari zake na mafuta yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kujibu. Zilipita bila jibu. Tumekumbusha kwa maandishi, na hatua inayofuata ni kupeleka lalamiko kwa tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya maofisa wa umma. Naomba idhini yenu leo tuifuate njia hiyo hadi mwisho. Hatumtuhumu mtu. Tunataka hesabu ya jambo linalohusu roho za watu.

Kuhusu sanaa, wapo wanachama walioniuliza kwa nini chama cha mazungumzo ya umma kilete washairi na wachonga nakshi, wakaona ni burudani tu. Sikubaliani, na historia ya mji huu haikubaliani. Katika uchaguzi wa 1974 na ule mdogo wa 1975, Waamu walijadiliana siasa kwa mashairi ya Kimondo, yakisambaa kwa kanda za kaseti kutoka nyumba hadi nyumba, upande mmoja ukitunga na mwingine ukijibu kwa vina na mizani. Mtu aliyepaswa kujibu hoja kwa beti alilazimika kwanza kuisikiliza hoja ya mwenzake hadi mwisho. Tumeomba wazee wenye kanda hizo watuazime tuzinakili kabla hazijaharibika, na wawili wamekubali. Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Ningependa vijana wetu wauingie kwa beti za kujibizana kuliko kwa matusi ya simu.

Fedha ataeleza mweka hazina. Hatuna deni.

Mwaka ujao pendekezo langu ni tuifuate kalenda ya bajeti ya kaunti. Waraka wa mkakati wa fedha hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Hiyo ya Februari itaangukia ndani ya Ramadhani, kwa hiyo tukutane mapema, kabla ya mfungo kuanza, tukiwa na waraka mkononi. Baraza la Aprili tulifanye Faza, kwa sababu bahari ikianza kuchafuka ni rahisi kwa wachache wa Amu kwenda kuliko wengi wa visiwani kuja. Mada ya kwanza iwe fungu la mafuta na manahodha wa boti za wagonjwa.

Mapendekezo haya matatu, yaani lalamiko kwa tume, kanuni ya kina mama na kalenda ya bajeti, nayaweka mbele yenu myapigie kura kabla hatujaingia kwenye uchaguzi wa kamati. Katibu ana nakala za kutosha. Wasiosoma herufi za Kirumi watasomewa.