Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chiriku Aliyetulia Mno

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kupiga picha za ndege,

Kwa kawaida taarifa hii huanza na safari zetu na picha zilizotia fora. Mwaka huu naomba nianze na chiriku mmoja. Ndiye aliyetupangia nusu ya kazi za kamati, na sina budi kukiri kwamba alikuwa mgeni wa meza yangu mwenyewe ya kulishia ndege.

Ilikuwa asubuhi, jua lingali chini. Nilikuwa nimejikunyata ndani ya kibanda changu cha turubai, kamera juu ya tripodi. Wenzake walikuwa wanakuja, wanadonoa, wanaruka. Huyu akatua ukingoni mwa sahani ya chakula, akakaa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikashusha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, hadi 1/60 ya sekunde, jambo ambalo kwa ndege mdogo silithubutu, na bado kila picha ikatoka safi bila ukungu. Nikawa nashukuru kimoyomoyo kwa kupata ndege mtulivu namna ile. Jioni nilipozifungua picha na kuukuza uso wake ndipo nikaona nilichokuwa nimekipiga: manyoya yametutumka mwili mzima, mdomo umelowa, maganda ya mbegu yamegandia pembeni mwake, jicho limefumba nusu. Hakuwa mtulivu. Alikuwa hawezi kuruka. Kesho yake nilimwokota chini ya meza.

Nilimpigia simu katibu, naye akanijibu kwamba mwanachama mwingine alikuwa amempigia kwa jambo lile lile siku mbili kabla. Mwenzetu ambaye ni daktari wa mifugo aliwachunguza ndege waliokufa na kututhibitishia: ni kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae. Kimelea hiki hukaa kooni. Koo huvimba, ndege hushindwa kumeza, hucheua alichokula, na punje ile iliyolowa mate huachwa sahanini ikimsubiri mwingine. Njiwa wamekuwa nacho tangu zamani. Kwa chiriku ni balaa. Uingereza ugonjwa huu ulianza kuonekana kwa chiriku wa bustanini mwaka 2005, na chiriku wa kijani, ndege aliyekuwa wa kawaida kabisa pale, alipungua hadi mwaka 2021 akaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Yaani ndege anayelishwa na watu wanaompenda, akaugulia pale pale anapolishiwa.

Kamati ilikutana usiku ule ule na kuwaomba wote waliokuwa na ndege wagonjwa waache kulisha kwa wiki mbili na wamwage maji ya mabeseni. Najua uamuzi ule uliwaudhi baadhi yenu. Nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akiniuliza kama nataka ndege wake wafe njaa. Nilimjibu kwa heshima, na nawajibu wote hapa: chakula chetu ni nyongeza. Ndege hazungukii bustani moja. Ana vichaka, mashamba na kingo za barabara anazozijua kuliko sisi. Tulichotaka ni watawanyike. Ndege thelathini wakibanana kwenye sahani moja ni msongamano ambao porini hauonekani ila kwa nadra, na ni sisi tulioutengeneza.

Sasa lile la aibu. Mwongozo wa kuosha vyombo vya kulishia niliuandika mimi. Nikiulizwa lini niliiosha sahani yangu kabla ya asubuhi ile, jibu la kweli ni zaidi ya mwezi mmoja. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi nilikuwa hata simgangi mgonjwa aliyekaa mbele ya lenzi. Nilikuwa najaza mbegu mpya juu ya za zamani kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri na nilikuwa na haraka ya kupiga picha.

Basi mwongozo tumeuandika upya, na safari hii mfupi. Osha kila wiki. Kwanza kwangua uchafu wote, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha sugua kwa klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, suuza sana, na uache chombo kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Kukauka ndiko watu wanakokuruka, na kimelea hiki kinachokiua haraka ni ukavu. Vaa glavu, tumia brashi na ndoo ambazo hazirudi jikoni. Trichomonas ya ndege haimsumbui mtu, lakini salmonela, bakteria ambayo nayo hupatikana kwenye meza hizi, humsumbua sana. Hamisha meza mahali pengine mara kwa mara ili kinyesi kisirundikane. Na weka chakula kitakachokwisha siku hiyo hiyo.

Kuhusu sahani bapa kama ile yangu, msimamo wangu ni kwamba tuachane nazo. Ndege husimama ndani ya chakula, hukinyea na kukicheulia. Chombo cha mrija chenye vitundu kina usumbufu wake, lakini angalau punje inabaki ndani mpaka inapochomolewa. Kamati haikuafikiana katika hili, kwa hiyo nitalileta mezani mkutanoni.

Chakula chenyewe nitapita haraka, maana kilizungumzwa vya kutosha katika semina. Mkate hauna sumu, ila humjaza ndege tumbo bila kumpa kitu. Chochote chenye chumvi, hapana. Karanga zenye ukungu, hapana kabisa: sumukuvu inayotuua sisi inawaua na wao. Karanga nzima zisiwekwe wakati wa kulea, kwa kuwa mzazi humpelekea kinda ikamkaba. Mbegu za alizeti na mtama mkavu zinatosha kwa chiriku, shomoro na njiwa. Na kwa wale wanaouliza kila mwaka: beseni la maji safi, kina cha vidole viwili au vitatu, litakuletea ndege ambao hawatazami mbegu hata siku moja. Picha yangu bora ya mwaka ni ya mbayuwayu aliyepita juu ya beseni akachota maji bila kutua. Ilinigharimu asubuhi tisa.

Suala la vioo limejitokeza pia. Wanachama kadhaa wameokota ndege walioligonga dirisha, na karibu wote walikuwa wameweka chakula mita tatu au nne kutoka kwenye kioo. Huo ndio umbali mbaya. Ndege akishtuka anapata nafasi ya kushika kasi kabla ya kugonga. Weka chombo chini ya mita moja kutoka dirishani, au kipeleke mbali zaidi ya mita kumi. Kibandiko kimoja cha kipanga katikati ya kioo hakisaidii; ndege humkwepa kipanga yule wa karatasi na kugonga pembeni yake. Alama ndogo ndogo zilizoachana sentimita tano, kioo kizima na kwa upande wa nje, ndizo zinazofanya kazi.

Upande wa kamera, mwaka ulikuwa mzuri. Mafunzo ya ndege warukao yalijaa, na nafurahi kuona watu wameacha kuogopa kasi ya shata ya 1/2000. Lakini lililobadilisha picha za wengi ni jambo dogo sana: tawi. Ndege mdogo haendi moja kwa moja kwenye chakula. Hutua kwanza karibu, akatazama huku na huku, ndipo akaingia. Chomeka tawi lenye magamba na kuvu lake nusu mita kutoka kwenye chombo, lenga hapo, na uhakikishe nyuma yake hakuna kitu kwa mita kadhaa. Utapata ndege juu ya tawi, mandhari laini, na hakuna atakayejua kuna mrija wa plastiki pembeni. Kama huo ni udanganyifu au sio, wazee wa chama bado wanabishana. Mimi nasema si udanganyifu mradi ukiulizwa useme kweli.

Kibanda cha kujifichia, ambacho tulikishona wenyewe, kimetumika hadi kikatoboka. Wanaolalamikia joto lake nawakumbusha Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wa Uingereza ambao zaidi ya miaka 100 iliyopita walijificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa ikasimama kama mnyama hai, kamera ikichungulia kutoka ndani. Turubai letu ni hoteli.

Nije kwenye mashindano, ambako kuna manung'uniko. Picha iliyoongoza katika mchujo wa kwanza ilikuwa ya makinda watatu wameachama, na kwa macho ya haraka ni nzuri mno. Jaji mmoja ndiye aliyeona majani: upande wa mbele wa kiota yalikuwa yamekatwa, na makinda walikuwa kwenye jua la mchana wazi wazi. Mhusika alieleza kwamba alikata vitawi viwili tu. Vitawi viwili ndivyo vilivyokuwa kivuli chao na ndivyo vilivyowaficha wasionekane na kunguru. Picha ilitolewa, na uamuzi huo nauunga mkono, hata angekuwa mwanangu. Mhusika bado ni mwenzetu, na naomba minong'ono ikome. Kanuni tayari ilikuwepo, lakini imeandikwa kwa lugha ya mzunguko. Sasa itasomeka hivi: viota vyenye mayai au makinda havipigwi picha kwa ajili ya mashindano, mahali pa kiota hapatajwi mtandaoni, na sauti za ndege hazichezwi kwenye simu ili kumvuta aliye katika kulea. Ndege akiisikia sauti ile anaamini amevamiwa, anaacha mayai yake aje kupigana na spika.

Wapo watakaosema hatari hiyo ni ya ndege tu. Eric Hosking, mpiga picha wa ndege aliyesifika sana Uingereza, alipoteza jicho mwaka 1937 kwa kucha za bundi aliyekuwa akilinda kiota chake.

Hesabu yetu ya ndege wa bustanini ilifanyika kama kawaida. Waliojitokeza walikuwa wachache, sehemu kwa sababu ya wiki zile za kutolisha, na sehemu kwa uvivu, tusifichane. Hesabu za namna hii zina uzito. Ile ya Krismasi ya Marekani ilianza mwaka 1900 na watu 27 tu, na leo watafiti hawawezi kuizungumzia hali ya ndege wa bara lile bila kuigusa. Mwaka 1994 ni watu waliokuwa wakitazama meza zao za ndege ndio waliogundua chiriku wa nyumbani, aina moja ya chiriku wa kule, wenye macho yaliyovimba, na taarifa zao ndizo zilizoonyesha jinsi ugonjwa ule wa macho ulivyosambaa. Mwenye kamera amezidi hapo: picha ina tarehe, na inakuzwa. Picha zangu za yule chiriku ziko katika kumbukumbu za chama, kwenye jalada la magonjwa. Sitaziingiza popote pengine.

Fedha ataeleza mhazini. Wanachama wapya, karibuni. Msiogope kuuliza, hata sisi tulianza kwa kupiga mikia.

Nitakayoomba mkutano uyapigie kura ni haya: kwamba kila anayeleta picha iliyopigwa kwenye chakula atie saini kuwa chombo chake kimeoshwa ndani ya wiki hiyo, kwamba sahani bapa zisitumike katika vibanda vya chama, na kwamba anayemwona ndege aliyetutumka na asiyeruka amjulishe katibu siku hiyo hiyo, kabla hata ya kupakua picha. Jina langu litakuwa la kwanza kwenye daftari la kuosha, na mjumbe yeyote ana ruhusa ya kuja kukagua bila kupiga hodi.

Na yule aliyeazima lenzi ya chama ya milimita 400 tangu safari ya mwisho, tafadhali airudishe. Tunamjua.

Mwenyekiti wenu