Mtoto ana miaka sita na klabu inataka aanze maandalizi ya timu za kusafiri: aende au asubiri?

Ikifika mwezi wa tano hapa Houston simu zetu, sisi tunaofundisha watoto mpira, zinaanza kuita na swali ni lile lile. Klabu imetuma meseji, mtoto ana kipaji, nafasi zimebaki chache kwenye programu ya maandalizi, lipeni dipoziti kabla ya Ijumaa. Mtoto mwenyewe ana miaka sita na bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Kwa mzazi ambaye kahamia juzi niweke sawa kwanza, manake huku mpira wa watoto una ngazi na kila ngazi ina bei yake. Chini kabisa kuna ligi ya mtaa, kocha ni baba wa mtu kajitolea, mazoezi mara moja kwa wiki, mechi Jumamosi basi. AYSO kwa mfano, shirika la mpira wa watoto lililoanza California 1964, kanuni yao kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi, awe anajua hajui. Juu yake kuna timu za kusafiri, huko kuna majaribio, kocha analipwa, mechi miji mingine na wikiendi nyingine mnalala hoteli. Hizo kwa kawaida zinaanza mtoto akiwa na miaka minane au tisa. Sasa katikati klabu zimeingiza hii ya maandalizi kwa watoto wa miaka mitano mpaka saba, mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, jezi ya klabu, ada kubwa kuliko ya mtaa. Sio wizi, ila tuelewane, kwa klabu ni njia pia ya kumshika mteja mapema kabla hajaenda kwa jirani.

Mi nisemavyo kila siku, usianze na swali la kipaji. Anza na hili, je mtoto anachukua mpira mwenyewe nyumbani bila kuambiwa? Kama anapiga ukuta wa gereji mpaka mnagombana, anauliza Jumamosi lini, akiitwa kula haji, huyo mazoezi ya mara mbili kwa wiki hayatamchosha, atafurahi tu. Lakini kama anapenda jezi na juisi ya baada ya mechi (wako wengi na hawana kosa lolote) muache ligi ya mtaa, akaogelee, akimbie, akue.

Halafu nenda ukaangalie mazoezi yao kabla hujatoa hata senti, kaa pembeni na uangalie foleni. Watoto wakisimama mstari wanasubiri zamu ya kupita kwenye koni huku kocha anahutubia, hapo mnalipia kusimama. Sisi wa Dar tuliocheza chandimu hatukuwahi kuona foleni, mpira wa makaratasi mmoja, goli la mawe, wakubwa kwa wadogo, na kila mtu anaugusa maana asipougusa anaenda kuunyang'anya. Programu nzuri ya miaka sita inafanana na hiyo kuliko jeshi, kila mtoto na mpira wake, tena namba 3 sio namba 5, vimechi vidogo vidogo vingi na kelele za kutosha.

Na hapa kuna kipimo rahisi. Tangu 2017 utaratibu wa shirikisho la soka la Marekani ni kwamba watoto mpaka miaka minane wanacheza wanne kwa wanne bila golikipa, tisa na kumi wanacheza saba kwa saba, kumi na moja na kumi na mbili wanacheza tisa kwa tisa, na kumi na mmoja kwa kumi na mmoja ni kuanzia miaka kumi na tatu. Miaka kumi kushuka chini kupiga kichwa hairuhusiwi. Kwa hiyo klabu ikikwambia mwanao wa miaka sita ni beki wa kulia mzuri sana muulize kocha, beki wa kulia wa timu ya watu wanne ni yupi? Wakiwachezesha saba kwa saba ili waonekane wakubwa, au wanatangaza vikombe vya watoto wa miaka sita, mi ningerudi kwenye gari.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mambo. Makundi ya umri yalikuwa yanahesabiwa kwa mwaka wa kalenda, mtoto wa Novemba anajikuta na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima, na kwenye miaka sita mwaka mmoja ni tofauti kubwa. Kuanzia msimu wa 2026/27 vyama vikubwa, US Youth Soccer, US Club Soccer na AYSO, wanahesabu kuanzia Agosti 1, kwa hiyo sasa wa Novemba anakuwa kati ya wakubwa na wa Juni na Julai ndio wadogo. Mara nyingi anayeitwa kipaji ni aliyezaliwa mapema tu, na anayeonekana mzito ni mdogo. Wape muda.

Kuhusu kupumzika, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto apate siku moja au mbili kila wiki bila mchezo wa kupangwa, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wake mkuu, sio lazima mfululizo, na kuchagua mchezo mmoja tu kusubiri mpaka miaka kumi na tano, kumi na sita hivi. Klabu inayotaka miezi kumi na miwili bila pengo kwa mtoto wa darasa la kwanza, hapo sijui niitetee vipi.

Ile hofu ya kwamba akikosa sasa ndo imetoka, hapana. Majaribio ya miaka tisa yanafunguliwa kila mwaka. Norway wana kanuni hakuna msimamo wa ligi kwa watoto chini ya miaka kumi na moja na mshambuliaji wao Haaland kakulia humo humo.

Familia nayo ihesabiwe. Mama anatoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, baba anaendesha Uber, mazoezi saa kumi na mbili jioni Jumanne na Alhamisi ng'ambo ya pili ya jiji, foleni ya barabara kuu ya I-10 mnaijua, na wadogo zake wanakula chipsi kwenye gari. Hiyo ni bei pia ingawa haipo kwenye fomu. Kwenye fomu yenyewe soma mtoto akiacha katikati mnarudishiwa nini, jezi iko ndani ya ada au nje, na uliza msaada wa ada kabla ya kusaini, klabu nyingi wanao ila hawautangazi.

Na sisi tunauza mazoezi pia kwa hiyo yapime maneno yangu. Hatuna timu ya ligi, tuna mazoezi mara moja kwa wiki, Jumamosi, vikundi vidogo, miaka minne mpaka minane, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, watoto wa Wakongo wanatufundisha Kifaransa. Mtoto akituzidi tunakwambia, na tukijua klabu nzuri karibu na kwako tunakuelekeza. Tunaanza saa tatu asubuhi kabla jua halijachoma, mlete na maji na mpira namba 3, siku ya kwanza hatuchaji.