Wazee wa makaoni nao wapate wa kuwasemea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linanikaa rohoni toka Ramadhani. Pale mtaani huwa tunachangishana tunapeleka mchele, sabuni na pampasi kwenye makao ya wazee hapa hapa Dar, siyataji jina maana naamini shida haipo pale tu. Tunapokelewa vizuri, tunagawa, tunapiga picha, saa nane tumeshapanda kosta tunarudi.

Siku hiyo nilichelewa kutoka. Nilimwamkia babu mmoja, akaitika marahaba mjukuu wangu, halafu akaangalia mlangoni kwanza ndo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kanzu yake ikienda kufuliwa hairudi, analetewa ya mwenzake, na kweli aliyovaa ilikuwa inaishia magotini, Ijumaa anaona aibu kwenda msikitini. Nikasema ngoja nikamwambie msimamizi. Akanishika mkono. "Usiseme mjukuu wangu, nyie mnaondoka, mimi nabaki nao."

Sasa kama la kanzu tu anaogopa, la kuchelewa kubadilishiwa shuka au la kufokewa wakati wa kuogeshwa atamwambia nani? Wahudumu sio watu wabaya, ni wachache na nimewaona wanavyohangaika, lakini huwezi kumpelekea mtu malalamiko yanayomhusu yeye mwenyewe.

Wenzetu Marekani walianza utaratibu wa watu wa nje kuwasemea wazee kwa majaribio mwaka 1972, na 1978 sheria yao ikataka kila jimbo liwe na ofisi ya kuwatetea wanaoishi kwenye nyumba za wazee. Wanaozunguka wengi ni raia wa kawaida wanaojitolea, wanapewa mafunzo kwanza, hawaajiriwi na nyumba yenyewe, na utaratibu ninaoupenda kuliko yote ni kwamba mzee akikuambia kitu ni siri yake, hukipeleki popote mpaka aseme sawa nenda. Akikataa unanyamaza, ila unarudi tena, na tena, mpaka siku anakuambia haya twende wote.

Sisi Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe ilisema makao yawe hatua ya mwisho, kwa hiyo waliopo pale wengi ndo wale wasio na mtoto wa kupiga simu kuwaulizia. Nawaomba watu wa ustawi wa jamii manispaa watuandikishe, tupo wengi, wastaafu, akina mama wa vikoba, vijana wa chuo. Posho hatutaki, nauli ya daladala tutajilipia, tunachoomba ni mafunzo, kitambulisho, na ruhusa ya kukaa na mzee bila msimamizi kusimama pembeni.

Mimi nimesharudi mara tatu. Safari iliyopita nilienda na sindano na uzi mwekundu, babu mwenyewe ndo alitaka, tukashona herufi mbili za jina lake kwa ndani shingoni mwa kanzu yake. Akaniambia kuna lingine lakini sio leo. Jumamosi nakwenda tena.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam