Risala ya akina mama wa sabuni ya mwani kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwakilishi na Mheshimiwa Diwani,
Sheha wetu, viongozi wa dini, Mwalimu Mkuu uliyetupa uwanja wa skuli,
Wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalamu alaykum. Mapinduzi Daima!

Kwa niaba ya kikundi chetu, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko. Tumezoea kuletewa wawakilishi. Wewe umekuja mwenyewe, tena mapema, nasi tumeliona hilo na limetupa moyo.

Historia yetu ni fupi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani hii hii ya mashariki, na mama zetu wamo miongoni mwa waliochomeka vijiti vya mwanzo. Kwa miaka mingi tulivuna kila bamvua, tukaanika, tukawauzia mawakala, mzigo ukaenda Ulaya na Marekani kutolewa karajinani, kitu cha kugandishia kinachotiwa katika dawa za meno, vyakula na vipodozi. Bei tulipangiwa. Kisha bahari ikazidi joto, kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikawa inakufa, tukabaki na aina nyingine, spinosamu. Ndipo tulipoamua kuusaga mwani wenyewe, tukauchanganya na mafuta ya nazi na ya karafuu, tukatengeneza sabuni.

Mheshimiwa, mafanikio ni makubwa. Hatukukaa kungoja mteja. Tulijitwika vikapu tukaenda hoteli kwa hoteli. Wageni waliposema karafuu ina harufu kali, tulijaribu mchaichai, tukajaribu mdalasini. Fedha za upatu tulizitia kwenye kalibu na mizani wakati majumbani tunaulizwa tutakula nini. Leo kipande kimoja cha sabuni kinatuingizia zaidi ya kilo nzima ya mwani mkavu. Sabuni yetu inaogewa Ujerumani na Italia, na jamaa zetu walioko Muscat wanaiagiza kila anapoondoka msafiri. Kikundi cha kijiji kimekuwa cha kimataifa.

Sasa tunakuomba, kwa heshima zote, utusikilize katika jambo moja.

Sabuni hiyo inavuka bahari ndani ya mabegi ya watalii. Mwenye duka mmoja wa Ujerumani aliipenda, akataka katoni. Tulifurahi sana, kwa sababu oda ya katoni ndiyo biashara. Begi la mtalii ni bahati. Lakini sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223 ya mwaka 2009, inataka mtu au kampuni iliyoko huko ibebe dhamana ya bidhaa, itake ripoti ya mtaalamu juu ya usalama wake, na bidhaa yenyewe itengenezwe kwa taratibu bora za uzalishaji. Dhamana alikuwa tayari kuibeba yeye. Kilichokosekana ni upande wetu: pahala. Oda ikaenda kwa wengine.

Wakaguzi walikuja. Sabuni waliisifu, pahala wakapakataa, na hatuwezi kuwalaumu. Tunatengenezea katika ukumbi wa nyumba ya mwanachama. Kostiki, yaani magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo inaunguza ngozi na macho, inawekwa juu ya kabati ili watoto wasiifikie. Sabuni inapaswa kukaa wiki nne hadi sita ikikauka, nasi tunaipanga kwenye chanja chumbani anamolala mtu. Masika yakiingia inatoa jasho na kuharibika. Hata Kenya na Uganda, ambako bidhaa zenye uasili wa Afrika Mashariki zinaingia bila ushuru wa forodha, mwenye duka anauliza kwanza alama ya ubora. Na alama haitolewi kwa bidhaa ya ukumbini.

Semina tumehudhuria nyingi. Tunaambiwa tubuni, tuthubutu, tuwatangulie wengine sokoni. Mheshimiwa, tumebuni, tumethubutu, tumetangulia. Yote hayo yametuletea mteja wa nje, na mteja tumempoteza kwa kukosa vyumba vitatu.

Ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi jengo, akaweka jiwe la msingi, tukapiga vigelegele. Aliyemfuata aliahidi saruji na mabati, tukapiga vigelegele tena. Hatusemi kwa kulaumu. Viongozi wetu wana mengi, na tunawaombea heri. Ila jiwe lipo nyuma ya skuli, tarehe yake inasomeka, na tunapita mbele yake tukienda na kurudi pwani. Tunakuomba ulitazame kabla hujaondoka.

Tunachoomba ni chumba cha kuchanganyia chenye sakafu ya vigae, chumba cha kukaushia kinachopitisha hewa, stoo inayofungika, na maji ya bomba. Kiwanja tunacho. Matofali tumeshafyatua wenyewe na yako tayari kukaguliwa leo. Mchanga, kifusi na nguvu kazi ni juu yetu. Tulichoshindwa ni saruji, mabati, vigae na fundi.

Tena, Mheshimiwa, tunakuomba utakaposimama kujibu ututajie tarehe, na ututajie ofisa ambaye tutamfuata tarehe hiyo ikifika. Karani wetu amekaa mbele, kulia kwako, kwa ajili ya kuandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi